Safari ya Starehe Mtoni Tana Si Kama Kukodi Basi

Siku hizi kumezuka mtindo mpya miongoni mwa wakazi wa miji yetu wenye nafasi kidogo: bahari imeanza kuwachosha. Mchanga wa Diani wamekwisha kuukanyaga, Malindi wamekwisha kulala, na huko Naivasha wamezungushwa ziwani mara mbili tatu kutazama viboko na kupigwa picha. Sasa wanauliza habari za mto. Mimi nimeombwa na kikundi cha walimu na makarani, watu kumi na wawili, niwapangie safari ya siku tatu ya kuteremka Mto Tana kwa mashua kutoka Garsen hadi Kipini, pale mto unapoingia baharini. Kazi hiyo nimeipokea kwa furaha na bado naendelea nayo. Lakini kila hatua ya mipango imenikutanisha na jambo ambalo halihusu starehe ya watu kumi na wawili peke yao, na ndiyo sababu naliandika hapa.

Msomaji na akumbuke kwanza ya kwamba Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini. Unazaliwa katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unazunguka mwendo wa karibu kilomita 1,000, na sehemu kubwa ya safari yake ni katika nchi kavu ambayo bila mto huo isingekuwa na shamba wala mji. Wapokomo wamelima kando yake na kuupitia kwa mitumbwi tangu enzi za mababu zao. Waorma nao wameleta ng'ombe wao kunywa humo kila kiangazi. Hata sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitoka huko: mwaka 1963, wakati taifa lilipokuwa likitafuta wimbo, Mzee Meza Moroa Galana ndiye aliyewapa watungaji sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Kila mtoto wa shule nchini husimama wima bendera inapopandishwa akaimba kwa sauti iliyotoka ukingoni mwa Tana, na wengi wa watoto hao watazeeka bila kuuona mto wenyewe ila kupitia dirisha la basi liendalo Lamu au Garissa.

Wenzetu hawakuiacha mito yao hivyo. Huko Misri, watu wa Ulaya wamekuwa wakipandishwa Mto Nile kwa meli za starehe tangu karne ya 19, na hadi leo safari za baina ya Luxor na Aswan ni riziki ya maelfu ya watu. Jirani zetu wa Uganda wana mashua zinazoondoka Paraa na kupanda Nile mpaka chini ya maporomoko ya Murchison. Watanzania wana Rufiji. Sisi mtoni tuna mchezo wa kushuka maporomoko kwa maboti ya mpira kule Sagana, ambako Tana bado ni kijana mwenye fujo, na baada ya hapo karibu hatuna kitu. Humo katikati zimo mbuga za Meru na Kora, zimo misitu ya chini wanamoishi aina mbili za nyani wasiopatikana mahali pengine popote duniani, yaani mbega mwekundu wa Tana na mwenzake mwenye kishungi, na mwishoni kuna delta ambayo tangu mwaka 2012 imeorodheshwa katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Haya yote yapo, na mtu wa Nairobi hajui pa kupandia mashua.

Nilipoanza kuuliza, nilipewa karatasi moja ya kutangaza safari za namna hii. Kampuni yenyewe sitaitaja. Ilikuwa imepangwa vizuri sana: saa mbili asubuhi kuondoka, saa nne chai, saa saba chakula, saa kumi na moja kufika kambini. Aliyeiandika bila shaka ni mtu aliyezoea mabasi. Nikaichukua karatasi hiyo mpaka Idsowe, penye daraja la karibu na Garsen, nikamsomea mzee mmoja ambaye amesukuma mtumbwi tangu utoto wake. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Mwanangu, waniuliza saa ngapi tutafika. Niulize kwanza maji yako wapi."

Swali hilo la mzee ndilo lililo zito kuliko yote, na jibu lake halipo Garsen. Liko mbali, huko Ukambani na Embu, kwenye mabwawa ya umeme. Bwawa la Kindaruma lilimalizika 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo la juu kabisa na ndilo ghala la yote, maana laweza kuweka maji meta za ujazo zaidi ya bilioni moja na nusu. Maji ambayo mashua yangu itaelea juu yake mwezi wa Agosti yatakuwa yameshapita katika mitambo hiyo mitano, na kiasi chake kitakuwa kimeamuliwa na mahitaji ya umeme na maji mengine ya mijini kabla ya mto kukumbukwa.

Zamani, kabla ya mabwawa, mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na mafuriko yale madogo yalikuwa ni baraka: yalilowesha mashamba ya mpunga, yalijaza maziwa madogo ya samaki, yakaotesha majani ya malisho. Mabwawa yamepunguza mafuriko hayo ya baraka. Yale ya maangamizi hayakuyazuia. El-Nino ya 1997 na 1998 ilipita juu ya kila kitu ikavunja na matuta ya mradi wa mpunga katika delta. Mwaka 2018 watu wakahamishwa tena, na mwishoni mwa 2023 na Aprili 2024 hali ikawa ile ile. Hapo ndipo mkulima wa Tana anapolalamika kwamba ananyimwa maji anapoyahitaji na kuletewa anapokuwa hana pa kuyaweka. Mimi naona lalamiko hilo ni la haki, na mpangaji wa safari za starehe anapaswa kulielewa kabla hajanunua tikiti, kwa sababu mkulima huyo na msafiri wake wanategemea tangazo moja.

Nieleze kwa mfano. Mtu aweza kuwa Garsen jua likiwaka, mbingu haina hata wingu moja, na mto ukapanda. Mvua ilinyesha Nyeri siku kadhaa zilizopita, mabwawa yakajaa mpaka yakamwagika, na maji yakachukua siku zake kuteremka Garissa, Hola na huku chini. Kampuni ya KenGen hutoa tahadhari Masinga linapokaribia kujaa, na redio huitangaza. Lakini kundi la wasafiri waliolala juu ya fungu la mchanga katikati ya mto, kwa sababu mchanga ni laini na hauna mbu wengi, halina redio wala simu yenye mtandao. Kwa hiyo kanuni ya kwanza katika karatasi yangu mimi ni kwamba hatulali mchangani hata kama panapendeza vipi. Tutalala juu ya ukingo, kijijini, kwa ruhusa. Kanuni ya pili ni majira. Aprili na Mei ni masika, Oktoba mpaka Desemba ni vuli, na miezi hiyo ya likizo ya Krismasi ambayo watu wa mjini huipenda ndiyo mibaya kuliko yote. Februari mto huwa umepungua mno na abiria watashuka kusukuma mashua kwenye mafungu. Nimechagua Agosti.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Tarehe 28 Aprili 2024, barabara ya kuingia Garissa ikiwa imefunikwa na maji, mashua iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka Kona Punda, karibu na Madogo. Watu 23 waliokolewa, wengine wakafa maji. Picha zake zilienea nchi nzima. Hawakuwa watalii. Walikuwa ni watu waendao sokoni, kwa jamaa, kazini, na mashua ilikuwa ndiyo basi lao siku zile. Kwa wiki chache tukasikia hotuba nyingi juu ya majaketi ya kuelea, juu ya idadi ya abiria, juu ya leseni. Maji yalipopwa, hotuba nazo zikapwa.

Mimi nimetembea katika vivuko kadhaa vya Tana ya chini nikipanga safari hii, nami nasema nilichokiona. Mwanafunzi avukaye asubuhi kwenda shule hana jaketi. Mama mwenye gunia la mahindi na mtoto mgongoni hana jaketi. Mwenye mtumbwi mwenyewe hana, na ukimwuliza atakuambia kwamba bei ya jaketi moja zuri ni nauli ya siku nyingi. Lakini nilipouliza habari ya kukodi mashua kwa ajili ya wageni wangu, niliambiwa mara moja: hao wa kwako majaketi yao yatapatikana. Yako stoo, yamefungwa, hutolewa wageni wanapokuja, kisha hurudishwa. Nilionyeshwa. Yalikuwa mapya, rangi ya machungwa, na vumbi juu yake.

Sheria haibagui hivyo. Mamlaka ya Masuala ya Baharini ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2004, haikuundwa kwa bahari pekee ingawa jina lake lasema hivyo. Kazi yake inafika kwenye maziwa na mito, na mashua ndogo inayochukua abiria kwa malipo inatakiwa ikaguliwe na ipewe cheti. Katika Ziwa Viktoria mambo haya angalau yanajulikana, maana ajali ni nyingi na kelele ni nyingi. Huku mtoni mkaguzi ni mgeni. Mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja una uhai wake na unamfahamu mwenyewe, nami sisemi upigwe marufuku. Angekuwa mpumbavu mtu wa kusema hivyo, kwani vijiji vingeachwa ng'ambo bila njia. Nasema kwamba mashua ya starehe na mashua ya kivuko, huku kwetu, ni mashua ile ile na nahodha ni yule yule. Jumamosi atawapeleka wageni wangu kutazama ndege, Jumatatu atavusha watoto wa shule. Haiwezekani awe nahodha wa kufaa siku ya Jumamosi tu.

Ndiyo maana sikubaliani na fikira ninayoisikia katika mikutano ya utalii wa kaunti, ya kwamba jambo la kwanza ni kujenga gati la saruji na kuweka bango. Mto huu huhama. Unaacha kitanda chake cha zamani, unafungua kingine, na kijiji kilichokuwa ukingoni jana kinajikuta leo kinatazama mfereji mkavu. Watu wa delta watakuonyesha mahali pengi ambapo mto ulikuwa wakati wa baba zao. Gati la saruji katika mto wa namna hiyo litakuja kuwa kiti cha mbuzi. Fedha hizo, hata nusu yake, zingenunua majaketi ya vivuko vyote na kulipa mafunzo ya manahodha, na hapo mgeni naye angekuta mashua ya kupanda.

Kuhama kwa mto kwanirudisha kwenye njia yenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu niipendayo zaidi.

Njia hii ya kuteremka mpaka Kipini si ya maumbile matupu. Katika karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, palichimbwa mfereji uitwao Belezoni wa kuunganisha Tana na Mto Ozi, ili mitumbwi iliyobeba mpunga na pembe iweze kutokea bandarini bila kupita kwenye mlango wa Tana wa zamani ambao ulikuwa na mawimbi mabaya. Ulikuwa mfereji mdogo wa kupita mitumbwi. Mto ukaupenda. Kidogo kidogo ukaupanua na kuufanya njia yake mwenyewe, hata maji ya Tana yakawa yanatokea Kipini, na mlango wa zamani ukabaki kuwa hori la bahari. Kwa hiyo msafiri anayepita huko anaelea juu ya kazi ya majembe ya watu, wengi wao wakiwa watumwa, na hakuna hata jiwe moja la kumwambia hivyo. Karibu na hapo palikuwa na Kau, mji wa biashara wa siku hizo. Na Kipini nayo ilikuwa bandari iliyoandikwa katika barua za Ulaya, maana ndugu wawili Wajerumani wa jina la Denhardt walijipatia mkataba na Sultani wa Witu mwaka 1885, na nchi hiyo ikawa chini ya Ujerumani mpaka mkataba wa 1890 ulipoikabidhi kwa Waingereza.

Waingereza nao hawakukawia. Mwaka 1891 kampuni yao iliyokuwa ikitawala huku ilimtuma afisa wa jeshi la majini, Dundas, na meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia, yenye gurudumu nyuma, ili ajue kama mto unaweza kuwa njia ya kufikia bara. Alipanda mpaka Hameye, mamia ya maili kutoka pwani, mahali ambapo mawe yanazuia meli. Basi swali la kwamba Tana unapitika kwa chombo lilijibiwa zaidi ya miaka 130 iliyopita. Tofauti ni kwamba Dundas alitaka njia ya bidhaa, na reli ilipokwenda upande wa Ukambani, mto ukasahauliwa na wakubwa. Wapokomo wakaendelea kuutumia kama kwamba hakuna lililotokea.

Njiani tutapita karibu na Ngao na Golbanti, vituo vya wamisionari tangu miaka ya 1880, Wajerumani kule Ngao na Wamethodisti kule Golbanti. Huko Golbanti mmisionari Houghton na mkewe waliuawa na Wamasai mwaka 1886. Nimeulizwa na mmoja wa walimu wangu kama mahali hapo patafaa kwa chai. Patafaa, nikamjibu, lakini tutaomba.

Na hii ya kuomba ndiyo inayosahauliwa na karatasi za matangazo. Ukingo wa Tana hauko wazi kwa kila apitaye. Kila kipande kina watu wake. Kuna mashamba ya Wapokomo, yaliyogawanywa kwa koo toka mtoni kwenda nyuma. Na kati ya mashamba kuna njia ambazo Waorma huziita malka, njia za kuteremshia ng'ombe kunywa maji. Wakati wa kiangazi, malka ni uhai. Mtu wa mjini akiona uwazi mzuri ukingoni, nyasi zimekanyagwa, mteremko laini, hana habari kwamba amepiga hema lake mlangoni mwa ng'ombe elfu moja wenye kiu. Magomvi mengi ya nchi hii yalianzia hapo, mkulima akilima katika malka au mfugaji akiingiza mifugo shambani. Kuanzia Agosti 2012, kuanzia kijiji cha Riketa, mpaka Januari mwaka uliofuata, watu zaidi ya mia moja waliuawa katika delta, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Waliokuwa wakiuana ni majirani waliokuwa wakivushana mto.

Ndiyo sababu nimekwenda kwa wazee wa pande zote mbili kabla ya kuweka hata senti ya arubuni. Wapokomo wana baraza lao liitwalo Gasa, na Waorma wana lao, Matadeda. Mabaraza hayo yalifanya kazi kubwa ya kupatanisha baada ya 2012, nami naona ajabu kwamba mipango ya utalii yaandikwa bila kuwaita. Wazee wa upande mmoja waliniuliza ni kijiji gani kitakachopata fedha za kulaza wageni. Wa upande wa pili wakaniuliza kama wageni watakunywa maziwa, na yatanunuliwa kwa nani. Yalikuwa maswali ya busara kuliko yote niliyoulizwa mahali popote. Usiku wa kwanza tutalala upande mmoja, wa pili upande mwingine. Msitu wa nyani hatutafika, uko juu zaidi ya Garsen; ila hata huko somo ni lile lile, maana hifadhi iliyotangazwa 1976 ilishtakiwa na wenyeji, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haikuanzishwa kwa kufuata sheria.

Kuhusu usalama wa bunduki sitasema mengi. Eneo la baina ya Garsen, Witu na Lamu limepata mashambulizi, na lile la kituo cha polisi cha Gamba la Julai 2014 halijasahauliwa. Mpangaji anapiga ripoti kwa naibu wa kamishna, anauliza hali ya wiki ile, na akiambiwa asiende haendi. Ni heri kupoteza arubuni.

Wanyama nao watu huwaogopa kwa kinyume. Wote huniuliza habari za mamba, na kweli mamba wapo, wala mtu asioge wala asininginize mkono majini. Lakini manahodha wanamwogopa zaidi kiboko. Usiku hutoka kula majani, alfajiri hurudi majini, na mchana hulala katika vina vya maji. Hatari yake ni kumkatia njia baina yake na kina chake. Nahodha mzoefu anazijua kambi zake zote, hupunguza mwendo, hugonga ubavu wa mashua kwa kafi ili aibuke aonekane alipo, kisha hupita upande wenye maji haba. Ukimpa kazi hiyo kijana aliyetoka Malindi na boti ya mashine yenye nguvu, anajua bahari, hajui kona za mto. Hapo kelele ya mashine itamkinga mpaka siku moja.

Sasa juu ya fedha. Tumekubaliana na mashua mbili, kila moja na nahodha na msaidizi wake wa kushika pondo mbele, watu sita kila chombo, mizigo katikati. Malipo yao nimeyaweka kwa siku na si kwa safari, ili nahodha asiwe na sababu ya kuharakisha maji yakiwa mabaya, na siku ya kukaa tu kungoja hulipwa sawa na siku ya kwenda. Wageni wangu wawili walilalamika kwamba hiyo ni kulipia usingizi. Nikawaambia wachague. Aidha kila msafiri ananunua jaketi lake mwenyewe, haliazimwi stoo, na mwisho wa safari linabaki kwenye kivuko cha Idsowe mikononi mwa kamati ya shule. Hilo halikulalamikiwa na mtu.

Kumi na mawili ni machache. Lakini nimefanya hesabu ya safari kumi za namna hiyo kwa mwaka, na hapo vivuko kadhaa vingekuwa na ya kutosha bila kungoja mafuriko mengine yalete hotuba. Serikali ya kaunti ikitaka kusaidia, na iweke sharti moja dogo katika leseni ya kila mwenye kampuni anayeleta wageni mtoni: mashua atakayoitumia iwe imekaguliwa, nahodha awe wa mto huu, na majaketi yasirudi stoo. Gati tutalizungumza baadaye.

Limebaki jambo la siku ya tatu. Toka kijiji cha Ozi kwenda chini, mto si mto tena peke yake. Mikoko inaanza, maji yanakuwa ya chumvi, na bahari inapanda na kupwa ndani ya mkondo. Maji yakipwa huku mto unateremka kwa nguvu, mlango wa Kipini si mahali pa mashua yenye watu sita na mizigo. Manahodha wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia maneno yale yale: tufike Ozi mapema, tuteremshe mizigo, tule wali, tungoje maji yajae. Inaweza kuwa saa mbili, inaweza kuwa tano. Katika karatasi yangu nafasi hiyo nimeiacha wazi.